Utulivu wa Kalymnos na Gharama Yake

Katika pembe ya kusini-mashariki ya Bahari ya Aegean, mkabala na pwani ya Uturuki, kipo kisiwa cha mawe kiitwacho Kalymnos. Ni kimojawapo cha visiwa vya Dodecanese, jina ambalo kwa Kigiriki lina maana ya visiwa kumi na viwili, ijapokuwa vyenye wakazi ni zaidi ya idadi hiyo. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 110, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni milima mikavu ya chokaa ambayo jembe haliingii. Liko bonde la Vathy lenye mashamba ya machenza, na iko mizeituni ya hapa na pale. Ardhi iliyobaki ni ya mbuzi na nyuki.

Mgeni afikaye huko husifu kwanza utulivu. Huona nyumba nyeupe na za buluu zilizopanda mlima juu ya bandari ya Pothia, wazee waliokaa mikahawani wakichezesha shanga vidoleni, na wanawake wanaozungumza kutoka kizingiti hadi kizingiti. Kengele ya kanisa hulia, mbwa hujinyoosha kivulini, na mchana hupita bila haraka. Vitabu vya watalii huyaeleza hayo kama kwamba kisiwa kilizaliwa kimelala. Lakini mwenye kuzichunguza mila za watu wa Kalymnos, namna wanavyoagana, wanavyorithisha nyumba zao na hata wanavyocheza ngoma, hugundua kuwa utulivu huo ulinunuliwa, na kwamba bei yake ililipwa chini ya maji.

Bidhaa iliyokilisha kisiwa hiki kwa vizazi vingi ni sifongo, ile ya kuogea. Watu wengi hudhani ni mmea; kumbe ni mnyama wa baharini asiyetembea, aliyeshikamana na mwamba, na kile tunachokitumia bafuni ni kiunzi chake baada ya nyama kuondolewa. Habari zake ni za kale. Homer anamtaja Hephaestus, mhunzi wa miungu, akijipangusa kwa sifongo, na katika Odyssey watumishi husafishia meza kwa kitu hicho hicho. Aristotle naye aliandika juu ya wapiga mbizi wa zama zake. Hata neno lenyewe limesafiri: Waarabu husema isfanj, neno walilolipata kutoka Kigiriki, na msemaji wa Kiswahili atamkapo sifongo, sikio halipati taabu kuusikia ujamaa uliopo.

Kwa karne nyingi kazi ya kuzitafuta ilifanywa na mtu mtupu kwa pumzi moja. Mpiga mbizi alisimama ukingoni mwa mashua, akavuta pumzi ndefu, akakumbatia jiwe bapa lililofungwa kamba, kisha akajitupa. Jiwe lile, ambalo Wagiriki waliliita skandalopetra, lilimshusha haraka hadi chini, na kwa kuligeuzageuza aliweza kuelekeza njia yake kama mtu ashikaye usukani. Akifika, alizing'oa sifongo kwa mkono, akazitia katika wavu, na alipoitikisa kamba mwenzake wa juu alimvuta. Shughuli nzima ilikuwa ya dakika chache tu. Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake, maana papa walikuwapo na masikio yalipasuka, lakini pumzi ya binadamu ilikuwa ndiyo sheria: ilipokwisha, mtu hana budi kupanda. Uhodari wa watu hao haukuwa hadithi tupu. Mwaka 1913 manowari ya Italia iitwayo Regina Margherita ilipopoteza nanga yake karibu na Karpathos, mpiga mbizi wa Symi aliyejulikana kwa jina la Haggi Statti alishuka kwa jiwe na pumzi yake mwenyewe, kina cha zaidi ya mita 70, akaifunga nanga hiyo kamba.

Wakati huo visiwa hivi vilikuwa vimekwisha kuishi karne nyingi chini ya dola ya Wauthmani, iliyoiteka Rhodes mwaka 1522. Sultani aliviachia visiwa vidogo na maskini haki ya kujiendeshea mambo yao, madhali vililipa kodi ya jumla kila mwaka. Wakazi wa Kalymnos waliokuwa wakiishi Chora, mbali kidogo na pwani kwa kuogopa maharamia, waliteremka taratibu katika karne ya 19 na kujenga Pothia ufukweni. Biashara ya sifongo ilikuwa inapanuka. Ulaya ilikuwa na viwanda, hospitali na mabafu mapya, na vyote vilihitaji sifongo nyingi kuliko pumzi za watu zilivyoweza kuleta.

Katika miaka ya 1860 ndipo ilipokuja mashine. Lilikuwa vazi zito la kuzamia, lenye kofia ya shaba yenye vioo, viatu vya risasi, na mpira mrefu uliopelekewa hewa kwa pampu kutoka mashuani. Wagiriki waliliita skafandro. Symi, kisiwa jirani na mshindani wa Kalymnos, husimulia kuwa mwenyeji wake Fotis Mastoridis alilileta vazi hilo mwaka 1863, na kwamba watu walipoingiwa na hofu, mkewe Evgenia alilivaa mbele ya umma, akashuka bandarini na kupanda salama. Hadithi hiyo husimuliwa kwa fahari, na fahari yake ni ya haki. Ila bandari ya Symi haina kina cha kutisha, na alichokionyesha Evgenia ni kwamba mtu anaweza kushuka na mashine. Swali la namna ya kupanda halikuulizwa na mtu yeyote siku ile.

Faida ilionekana upesi. Mtu mmoja ndani ya vazi aliweza kukaa chini muda mrefu kupita kiasi cha pumzi, akatembea juu ya sakafu ya bahari kama mkulima shambani, na kujaza nyavu. Mashua za Kalymnos zilifika hadi pwani za Afrika ya Kaskazini, Derna na Benghazi na mwambao wa Misri, ambako sifongo zilikuwa nyingi na nzuri. Matajiri wa biashara hiyo walifungua maghala katika miji mikuu ya Ulaya. Mmoja wao, Nikolaos Vouvalis, alikuwa na nyumba ya biashara London, na mali yake ilirudi kisiwani kwa sura ya skuli na hospitali. Pothia ikajengwa, makanisa yakapambwa, na bandari ikajaa milingoti.

Lakini pumzi, ile sheria ya zamani, ilikuwa imeondolewa, na hakuna aliyejua sheria mpya ni ipi. Mtu anapovuta hewa katika kina kirefu, uzito wa maji huisukuma gesi ya naitrojeni ndani ya damu na minofu yake. Akipanda polepole, gesi hutoka kwa mapafu bila madhara. Akipanda haraka hufanya mapovu mwilini, kama yale yatokayo chupa ya soda inapofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huziba mishipa na kuujeruhi uti wa mgongo. Mpiga mbizi alitoka majini akicheka, akavuliwa kofia, akawasha sigara; baada ya muda mfupi miguu ilikufa ganzi, au alianguka na asiinuke tena. Wengine walikufa siku ile ile na kuzikwa katika mchanga wa pwani ya Afrika. Inasimuliwa kuwa waliopooza walifukiwa mchangani hadi shingoni kwa kutumaini joto litawarudishia miguu.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi husema kuwa kati ya 1886 na 1910 wapiga mbizi wapatao 10,000 walikufa na 20,000 walilemaa katika biashara nzima ya sifongo ya bahari hiyo. Yawezekana tarakimu hizo zimetiwa chumvi, kwani nyingi ya safari hizo hazikuwa na karani. Hata zikipunguzwa kwa nusu, zinabaki kuwa msiba mkubwa kwa visiwa vidogo ambavyo watu wake wote wangeweza kuenea katika mtaa mmoja wa mji mkubwa. Katika Kalymnos hapakuwa na ukoo usio na kaburi la mbali au kijana wa mkongojo.

Isidhaniwe kuwa watu walinyamaza. Wapiga mbizi wa jiwe walilipinga vazi tangu mwanzo, kwa kuwa liliwaondolea kazi na kuichakaza bahari. Wanawake walipinga kwa sababu iliyo dhahiri zaidi. Malalamiko yalifika Istanbul, na katika miaka ya 1880 serikali ya Sultani Abdülhamid II iliipiga marufuku mashine hiyo, lakini amri haikudumu. Fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kukopwa kununulia pampu na mashua, na waliokopesha walikuwa na sauti kubwa kuliko wajane. Baadaye Karl Flegel, mgeni aliyeishi Kalymnos, aliyafanya mapambano haya kuwa kazi ya maisha yake. Aliandikia serikali na mikutano ya kimataifa, na mwaka 1908 makala yake juu ya maovu ya vazi hilo ilifikishwa mbele ya mkutano wa mambo ya uvuvi uliofanyika Washington.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wakati huo elimu ilikuwa imekwisha kupatikana. Mwaka 1878 mwanasayansi wa Kifaransa Paul Bert alikuwa amethibitisha kuwa mapovu ya naitrojeni ndiyo yenye kuua. Mwaka ule ule wa 1908 Mwingereza John Scott Haldane pamoja na wenzake walichapisha majedwali yaliyoeleza mzamiaji asimame kina gani na kwa dakika ngapi anapopanda. Jeshi la majini la Uingereza liliyatumia, na watu wake wakapona. Mashuani mwa Kalymnos watu waliendelea kufa na kulemaa kwa miongo mingine. Kulielewa hilo kunahitaji kutazama upande wa fedha.

Mpiga mbizi wa Kalymnos hakusubiri mwisho wa msimu kupokea ujira. Alidai arbuni, iliyoitwa platika, kabla hajapanda mashua, na arbuni hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya mapato yake ya mwaka. Hoja yake ilikuwa nyepesi na haikuwa na jibu: huenda nisirudi, basi wanangu wale sasa. H. Russell Bernard, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyefanya utafiti kisiwani katika miaka ya 1960, ameeleza namna utaratibu huu ulivyomfunga kila mtu. Nahodha alikopa kwa tajiri ili awalipe wapiga mbizi. Mpiga mbizi akala fedha kabla ya kazi, kisha ikambidi azamie hadi deni liishe. Kila dakika aliyosimama katikati ya maji akisubiri gesi imtoke ilikuwa dakika ambayo vazi halikokoti sifongo, na mwenzake yuko juu akingoja zamu ya kulivaa. Jedwali la Haldane lilitaka subira, na subira haikuwa na mlipaji. Juu ya hayo ikaja fahari ya ujana. Aliyepanda polepole alionekana mwoga, na aliyepanda kama mshale aliimbwa.

Msomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki hatauona mfumo huu kuwa mgeni kabisa. Katika Ghuba, kuanzia Kuwait na Bahrain hadi pwani ya Oman, wapiga mbizi wa lulu walishuka kwa jiwe na kamba wakati wa miezi ya joto, wakifungwa na arbuni waliyoichukua kwa nahodha, naye akifungwa na deni la tajiri. Miongoni mwao walikuwamo watu wa asili ya Afrika Mashariki, wengi wakiwa watumwa au wazao wa watumwa waliovushwa na pepo za msimu, ambao hata arbuni haikutiwa mikononi mwao. Mtu wa Kalymnos alikuwa huru na aliweka mkataba mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo na haifai kufunikwa. Hata hivyo deni lilikuwa na hila ile ile katika bahari zote mbili: lilimfanya mtu aende kina ambacho akili yake ilimkataza.

Basi ndani ya hesabu hiyo ya mauti ndimo mila za kisiwa zilimokulia. Mashua ziliondoka baada ya Pasaka, ambayo kwa Waorthodoksi ndiyo sikukuu kuu kuliko zote. Majuma yaliyotangulia yalikuwa ya arbuni: madeni ya mwaka uliopita yalilipwa dukani, viatu vya watoto vilinunuliwa, na mikahawa ilikesha. Wapiga mbizi walitumia bila kuhesabu, na wageni waliwalaumu kwa ubadhirifu. Lakini mtu asiye na hakika ya Oktoba hawezi kuweka akiba ya Novemba. Karamu ya mwisho kabla ya safari iliitwa Usingizi wa Mapenzi, jina lisilohitaji tafsiri kwa mwenye kujua kuaga. Asubuhi yake padri alizibariki mashua, kengele zikapigwa, na mji mzima ukateremka bandarini. Meli kubwa ya akiba ilitangulia, na mashua ndogo za kuzamia zikaifuata kama vifaranga. Chakula chao kilikuwa mikate mikavu na nyama iliyohifadhiwa kwa mafuta, na wapiga mbizi hawakula mchana kutwa hadi kazi iishe jioni.

Mashua zilipopotea machoni, ulianza ule utulivu wa kweli wa Kalymnos. Kwa miezi mitano au sita kisiwa kilibaki cha wanawake, watoto, wazee na waliolemaa. Wanawake walichuma machenza, walichunga mbuzi, waliwakabili wenye maduka, wakaozesha na kuzika. Haikuwa ajabu basi kwamba mali nayo ilifuata mkono huo. Katika Kalymnos nyumba hurithiwa na binti, na aghalabu binti wa kwanza ndiye apewaye ya mama yake. Mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Dada hujenga karibu na dada, hata mtaa mzima ukawa na ukoo wa akina mama, na jina la bibi hurudi kwa mjukuu pamoja na kuta alizozipaka chokaa. Mwandishi wa Australia Charmian Clift, aliyeishi kisiwani na familia yake katikati ya miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake Mermaid Singing mwaka 1956, alikutana na jamii hii ambayo wanaume wake walikuja na kuondoka kama kupwa na kujaa kwa maji.

Nguvu ya wanawake hao ilionekana hadharani mwaka 1935. Italia ilikuwa imevitwaa visiwa hivi kutoka kwa Wauthmani mwaka 1912, na katika miaka ya utawala wa kifashisti ilijaribu kuifumua lugha ya Kigiriki skulini na kulitenga kanisa na mamlaka yake ya Istanbul. Wanawake wa Kalymnos waliingia njiani na kuwapiga askari kwa mawe. Tukio hilo huitwa hadi sasa Vita vya Mawe. Nyumba pia zilipakwa rangi nyeupe na buluu, rangi za bendera ya Ugiriki, na zile rangi ambazo mtalii huziona kuwa pambo tu zilikuwa wakati huo maneno yaliyosemwa bila kufungua mdomo. Visiwa viliungana rasmi na Ugiriki baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1947 kwa mkataba na 1948 kwa sherehe.

Oktoba ilikuwa mwezi wa marejeo. Watu walikwenda ufukoni kwa furaha na hofu kwa pamoja, kwa sababu habari za msimu hazikufika zote kabla ya mashua. Wako walioshuka kwa miguu yao, wako waliobebwa, na wako ambao mabegi yao tu yaliteremshwa. Wiki hiyo hiyo katika mtaa mmoja zilipigwa fidla za harusi, na katika mtaa wa pili wanawake walivaa nguo nyeusi ambazo wengine hawakuzivua tena.

Bahari hiyo iliwahi pia kutoa kitu kingine kisicho sifongo. Mwaka 1900 wapiga mbizi wa Symi chini ya nahodha Dimitrios Kondos, walipokimbilia kisiwa cha Antikythera kwa sababu ya dhoruba, walikuta chini ya maji merikebu ya kale iliyojaa sanamu. Serikali ya Ugiriki iliwaajiri wazitoe. Humo ndimo ilimotoka ile mashine ya shaba ya magurudumu yenye kuhesabu mienendo ya jua na mwezi, ambayo ulimwengu wa elimu unaistaajabia hadi leo katika jumba la makumbusho la Athens. Katika kuyatoa hayo mpiga mbizi mmoja alikufa na wawili walipooza. Wanaopanga foleni mbele ya kabati la kioo huambiwa umri wa mashine. Ni mara chache huambiwa habari za miguu ya watu wale wawili.

Kalymnos yenyewe haikusahau miguu. Katika harusi na sikukuu za kisiwa huchezwa ngoma iitwayo mihanikos, yaani mtu wa mashine, jina walilopewa wapiga mbizi wa vazi. Wanaume hushikana mabega katika mstari. Kiongozi wao hushika mkongojo, na mwili wake huanza kutetemeka. Mguu hukataa. Anajaribu kuifuata hatua ya wenziwe, anayumba, anajiegemeza, anaanguka na kujikokota kuinuka, na muziki hauachi kumwita. Mstari haumtupi, unabaki naye, ukicheza hatua zile zile ambazo yeye alizijua zamani. Watazamaji hawacheki. Ngoma nyingine za Kigiriki humwacha kiongozi aonyeshe wepesi na kuruka. Hii humtaka kijana mzima aonyeshe ulemavu wa babu yake, mbele ya bibi arusi na vyakula, katika saa ambayo jamii nyingine zingependa msiba uwekwe nje ya mlango.

Mila nyingine ya kisiwa ina sauti kubwa zaidi. Usiku wa Pasaka, na siku inayofuata, baruti hulipuliwa kutoka milima miwili inayoikabili Pothia, hadi madirisha yakatikisika. Mwanaanthropolojia David Sutton, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya kumbukumbu za Kalymnos, ameonyesha jinsi watu wenyewe wanavyobishana juu yake. Wapo wanaoiita ushujaa uliorithiwa tangu zama za Waitalia, na wapo wanaoiita upumbavu, hasa baada ya maafa ya mwaka 1980 ambapo baruti iliua. Ubishi huo unafanana sana na ule wa zamani juu ya mpiga mbizi anayepanda haraka. Katika yote mawili swali ni kama mtu aichezee mauti ili asionekane kuiogopa.

Biashara iliyozaa haya haikufa siku moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vilianza kutengeneza sifongo bandia kwa bei ndogo, na nchi za Afrika ya Kaskazini ziliweka masharti makali juu ya maji yao. Kisha mwaka 1986 maradhi yalizishambulia sifongo za Mediterania, yakaua sehemu kubwa. Watu walikuwa wamekwisha kuhama kwa mawimbi. Tangu 1905 wapiga mbizi wa Dodecanese walikwenda Tarpon Springs, katika jimbo la Florida, ambako wajukuu wao bado huzamia msalaba kila tarehe 6 Januari. Katika miaka ya 1950 wengine walipelekwa Darwin, kaskazini mwa Australia, kujaribu kazi ya lulu. Jaribio lilishindwa, lakini familia nyingi zilibaki na kuwa mafundi wa ujenzi.

Leo wapo wachache tu wanaoishi kwa kuzamia. Maghala machache hukata na kusafisha sifongo kwa ajili ya wageni, nyingine zikiwa zimeletwa kutoka bahari za mbali. Kofia za shaba zimewekwa katika majumba ya makumbusho, na watoto huruhusiwa kuzigusa. Tangu katikati ya miaka ya 1990 ile milima ya mawe iliyokuwa haina faida imepata wateja: wapanda majabali kutoka nchi nyingi huja kujaribu nguvu zao juu yake. Mtu mmoja hupanda, mwenzake hushika kamba chini na kumtazama bila kupepesa. Mzee wa kisiwa anayewaona anajua kazi ya kushika kamba ya mtu, ingawa yeye aliishika akitazama chini.

Ni rahisi kusema kuwa kisiwa kimepumzika hatimaye, na kwamba mila zake ni masalio ya zama zilizokwisha. Lakini nyumba bado huenda kwa binti, ingawa hakuna tena mashua inayomchukua mumewe kwa nusu mwaka. Vijana ambao hawajawahi kuvaa vazi lolote la kuzamia bado hujifunza kutetemeka kwa hatua za mihanikos, na hujifunza vizuri, kwa kuwa wazee huwasahihisha. Wafu wa Derna na Benghazi hawakuandikiwa vitabu, na wengi wao hawana jiwe lenye jina. Hesabu yao imehifadhiwa katika kuta za akina mama na katika goti la mchezaji. Mgeni anayeupenda utulivu wa Kalymnos hana haja ya kuacha kuupenda. Akialikwa harusini na kuwaona wanaume wakishikana mabega, na yule wa mbele akiomba mkongojo, aweke chini bilauri yake na anyamaze kama wanavyonyamaza wenyeji.